Huru, Forro na Livre: Neno Moja la Kiingereza Katika Historia ya Kireno

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu makala haya yote yamezaliwa na kosa hilo.

Muhula uliopita nilichukua somo la Kireno. Siku moja mwalimu alitupa sentensi kumi za Kiingereza, na kila sentensi ilikuwa na neno "free". Kazi yetu ilikuwa kuzigeuza ziwe Kireno. Wiki ile ile nilikuwa nimejifunza neno "grátis", nikaliona kama ufunguo wa kila mlango. Kahawa ya bure, "grátis". Tikiti ya bure, "grátis". Nikaendelea hivyo bila kufikiri mpaka sentensi ya tisa, iliyozungumzia Waafrika walioachwa huru mjini Rio de Janeiro katika karne ya 19. Nikasoma jibu langu mbele ya darasa zima: "africanos grátis". Yaani, Waafrika wa bure.

Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, maana ukianguka mbele za watu ni afadhali ucheke pamoja nao. Lakini mwalimu hakucheka sana. Alisema jibu sahihi ni "africanos livres", kisha akaniambia: "Kasome watu hao walilipwa nini, halafu urudi uniambie umekosea kwa kiasi gani." Nilikwenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kazi za neno lenyewe

Sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona tatizo. Hakuna anayesema "kahawa huru", wala hakuna anayesema kwamba Kenya ilipata "bure" mwaka 1963. Kiingereza kina kivumishi kimoja, lakini sisi tunacho kikapu kizima. Kitu kisicholipiwa ni cha bure. Nchi isiyotawaliwa na wengine ni huru. Kiti kisicho na mtu ni kitupu. Mtu asiye na shughuli ana nafasi. Soda isiyo na sukari ni soda isiyo na sukari, basi, hatuhitaji kivumishi chochote.

Kireno nacho kina kikapu chake. Kahawa ya bure ni "grátis" au "gratuito", na watu mitaani husema "de graça". Kiti kitupu ni "livre" au "vago". Soda ni "sem açúcar", bila sukari. Bidhaa iliyosamehewa kodi ni "isenta". Bandari isiyotoza ushuru ni "porto franco", na mtu anayesema ukweli bila kuficha huitwa "franco" pia. Mlangoni pa onyesho nchini Ureno unaweza kukuta "entrada livre", na Brazil ukakuta "entrada franca", na yote mawili yakawa na maana kwamba hulipi kitu. Kwa hiyo hata "livre" lenyewe mara nyingine linaingia katika shamba la "bure". Mfasiri hawezi kuuliza tu "free" kwa Kireno ni nini. Lazima aulize: ni nani, au ni nini, na amewekwa huru kutokana na nini?

Kama mambo yangeishia kwenye kahawa na viti, makala haya yangekuwa somo la sarufi. Lakini ukifika kwa binadamu, Kireno kinagawanyika tena, na hapo ndipo historia inapoanza.

Aliyezaliwa na aliyeachwa

Katika sheria za Ureno na Brazil, mtu asiye mtumwa hakuwa wa aina moja. "Livre" lilikuwa neno la jumla. Aliyezaliwa bila utumwa aliitwa "ingênuo", neno lililotoka kwenye sheria za Warumi. Aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa aliitwa "liberto". Na kwa lugha ya kila siku liberto huyo aliitwa "forro", na barua yake ya kuachwa huru iliitwa "carta de alforria".

Tofauti hii haikuwa ya maneno matupu. Katiba ya Brazil ya mwaka 1824 iliwataja ingênuos na libertos waliozaliwa Brazil kuwa raia. Lakini katiba hiyo hiyo ilimzuia liberto asiwe miongoni mwa wapiga kura wa ngazi ya pili, wale waliowachagua wabunge. Baba na mwanawe wangeweza kuishi nyumba moja, wote wawili wakiitwa "free" kwa Kiingereza, na kwa Kireno mmoja akawa na haki ambayo mwenzake hana.

Tazama pia neno "forro". Nilipolifuatilia katika kamusi za asili ya maneno nilisimama kwa mshangao. Limetoka katika Kiarabu, "hurr". Waarabu na Waberberi waliotawala sehemu kubwa ya Ureno na Hispania kwa karne nyingi waliliacha huko, na ile sauti ya ح ambayo Wareno hawakuwa nayo ikageuka kuwa "f". "Alforria" ni "al-hurriya". Sasa, sisi tumelipata wapi "huru" letu? Pale pale. Neno moja la Kiarabu lilisafiri magharibi hadi Lisbon likawa "forro", likasafiri kusini hadi pwani yetu likawa "huru". Katika kisiwa cha São Tomé wako watu wanaoitwa Forros, wajukuu wa watumwa walioachwa, na lugha yao nayo inaitwa Forro. Mtu wa São Tomé na mtu wa Mombasa hawaelewani wakizungumza, lakini wakitaja jambo hili moja wanatumia ndugu wawili wa tumbo moja.

Miaka 14 ya kuwa huru

Sasa nirudi kwenye sentensi yangu ya tisa.

Mwaka 1817 Uingereza na Ureno zilitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara haramu ya watumwa. Mkataba huo uliunda mahakama za pamoja, moja Sierra Leone na nyingine Brazil. Meli ikikamatwa na kuhukumiwa, Waafrika waliokuwemo wapewe hati ya kuachwa huru, kisha wakabidhiwe serikali ya mahali pale, watumike kama watumishi au wafanyakazi huru. Katika Kiingereza cha mkataba, neno lililotumika kwa wafanyakazi hao ni lile lile letu, "free".

Soma tena sharti hilo polepole. Wanaachwa huru, halafu wanakabidhiwa. Aliye huru anakabidhiwaje?

Wareno walijibu swali hilo mapema sana. Amri ya kifalme ya tarehe 26 Januari 1818 iliwahesabu watu hao kuwa libertos, na ikaagiza watumike miaka 14 kabla ya kujitegemea. Kwa hiyo kilichoandikwa katika mkataba kwa neno moja la Kiingereza kilipata ndani ya Kireno kivuli cha neno lingine. Liberto ni mtu aliyekuwa na bwana, na mtu aliyekuwa na bwana anaweza kuonekana bado anahitaji kusimamiwa.

Meli ya kwanza kuhukumiwa Rio chini ya mpango huo ilikuwa Emilia, mwaka 1821. Brazil ikapata uhuru wake mwaka 1822, na ikaendelea na mpango huo. Tarehe 7 Novemba 1831 ilitoa sheria iliyotangaza kwamba kila mtumwa atakayeingizwa nchini kutoka nje ni huru. Kwa maandishi, sheria ilikuwa wazi kabisa. Kwa vitendo, inakadiriwa kwamba Waafrika zaidi ya 700,000 waliingizwa Brazil kinyume cha sheria baada ya mwaka huo, mpaka sheria nyingine ya tarehe 4 Septemba 1850 ilipotiliwa nguvu. Wabrazil wana msemo, "para inglês ver", yaani ili Mwingereza aone, na wengi wao wanauhusisha na sheria ile ya 1831.

Kati ya umati huo, watu wapatao 11,000 tu ndio waliotambuliwa rasmi kuwa "africanos livres". Baadhi yao walitoka Msumbiji, pwani yetu hii hii ya Bahari ya Hindi. Wengine waligawiwa kwa watu binafsi mjini Rio, wakafua nguo, wakapika, wakauza bidhaa mitaani kwa faida ya waliowakodi. Wengine walipelekwa kazi za serikali, kama ujenzi wa jela kuu ya Rio na kiwanda cha chuma cha Ipanema katika mkoa wa São Paulo. Maagizo ya mwaka 1834 yalitaka kila mmoja apewe barua inayosema kwamba yeye ni huru, iwekwe ndani ya kikopo cha bati, na kikopo kining'inizwe shingoni mwake.

Na malipo? Aliyewakodi alilipa ada ndogo, lakini ada hiyo ilikwenda kwa maofisa wa serikali, si mkononi mwa mfanyakazi. Hapo nilikumbuka kicheko cha darasa. Jibu langu lilikuwa kosa la sarufi, na litabaki kosa. Lakini aliyewakodi watu wale angelisoma "africanos grátis" asingeona la kushangaza sana.

Miaka 14 ilipokwisha, wengi hawakuachiliwa. Mwaka 1853 ilitolewa amri kwamba waliomaliza miaka 14 kwa watu binafsi wanaweza kuachiliwa, lakini waombe wenyewe. Watu walioitwa "livres" wakaanza kuandikiwa barua za kuomba uhuru. Wale waliokuwa kazi za serikali hawakutajwa. Ilibidi isubiriwe amri ya tarehe 24 Septemba 1864 ndipo wote waliobaki wakaachiliwa.

Hata hivyo, neno likishaandikwa katika sheria, huwezi kujua nani atakuja kulisoma. Luiz Gama, aliyezaliwa Bahia mwaka 1830 na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alijifunza sheria mwenyewe na kwenda mahakamani São Paulo. Aliichukua ile sheria ya 1831 iliyodhaniwa ni ya kumwonyesha Mwingereza, akadai ifuatwe kama ilivyoandikwa. Inasemwa kwamba aliwakomboa watu zaidi ya 500. Mahakimu walitaka kuacha neno "livre" lilale. Yeye aliliamsha.

Msumbiji na watu wa hiari

Upande wetu wa bahari, Kireno kilitumia maneno yale yale. Mwaka 1836 Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa kutoka katika makoloni yake. Wafanyabiashara wakatafuta jina jipya. Wafaransa wa kisiwa cha Réunion, waliokuwa na mashamba ya miwa, walianza kuchukua watu kutoka pwani ya Afrika Mashariki na kuwaita wafanyakazi huru wa mkataba.

Mwezi Novemba 1857 meli ya Kifaransa iitwayo Charles et Georges ilikamatwa karibu na Kisiwa cha Msumbiji ikiwa na Waafrika 110. Nahodha alisema hao ni watu huru wanaokwenda kufanya kazi kwa hiari yao. Mahakama ya Kireno huko Msumbiji ikaamua kwamba hiyo ni biashara ya watumwa, na meli ikapelekwa Lisbon. Mwezi Oktoba 1858 Ufaransa ilituma manowari katika mto Tagus mbele ya Lisbon. Ureno ikarudisha meli na kulipa fidia. Kwa hiyo maana ya kivumishi kimoja iliamuliwa kwanza na mahakama, halafu na mizinga.

Lakini tusiwasifu Wareno haraka. Tarehe 25 Februari 1869 Ureno ilifuta utumwa katika himaya yake yote. Watumwa wote wakawa libertos, na libertos hao wakatakiwa waendelee kuwatumikia mabwana wao mpaka tarehe 29 Aprili 1878. Sheria ya 1875 ilikuja kufupisha muda huo. Kisha mwaka 1899 ikatolewa kanuni ya kazi iliyosema kwamba wenyeji wa makoloni wana wajibu wa kufanya kazi, na asiyefanya kwa hiari aweza kulazimishwa. Wazee wa Msumbiji waliita kazi hiyo ya shuruti "chibalo". Kwa karatasi, hapakuwa tena na mtumwa hata mmoja.

Wala Waingereza hawakuwa na neno safi kuliko wenzao. Katika makoloni yao utumwa ulifutwa tarehe 1 Agosti 1834, lakini waliofutiwa waliwekwa chini ya mabwana wale wale kwa jina la wanagenzi mpaka 1838. Zanzibar, mwaka 1897, mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuudai. Katika pwani ya Kenya hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907. Kila mahali mlango ulifunguliwa nusu, na juu ya kila mlango liliandikwa neno zuri.

Neno la bibi

Nilipomaliza kusoma haya nilitaka kujua jambo moja la mwisho. Kireno kinatofautisha aliyezaliwa huru na aliyeachwa huru. Je, sisi? Nikampigia simu bibi yangu Mombasa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Baada ya kumthibitishia kwamba nimekula, nikamuuliza: zamani, mtu ambaye si mtumwa mlimwitaje?

"Muungwana," akasema papo hapo.

"Si huru?"

Kimya kidogo. "Huru ni alowachwa," akasema. "Muungwana hakuwachwa na mtu."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Kwa sentensi mbili bibi alikuwa amenipa "liberto" na "ingênuo", bila Warumi na bila kamusi. Nikamuuliza, nikicheka, kama kwetu kuna huru. Nilidhani naye atacheka.

"Bibi yangu mie," akasema, "mamake mamangu, alikuwa huru. Kwao Unyasa. Lakini sisi twasema muungwana, na wewe ukiulizwa sema muungwana."

Nina miaka ishirini na sikuwahi kulisikia hilo. Nimekua nikiambiwa kwamba uhuru ni neno kubwa kuliko yote, neno la bendera na la wimbo, na kumbe nyumbani kwetu lilikuwa likifichwa kwa sababu lilikuwa na maana ya kwamba kuna mtu alikuwa na uwezo wa kukunyima. Nilielewa kwa nini wale walioitwa forros na libertos waliweza kulionea haya neno ambalo wengine waliwapa kama zawadi. Jina la kuachwa linambeba pia yule aliyekuwa amekushika.

Nilimwomba bibi ruhusa ya kuandika. Alifikiri, akasema niandike, ila nisimtaje jina. Nimefanya hivyo.

Jibu langu kwa mwalimu

Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia hivi. Ukikuta "free" mbele ya kahawa, andika "grátis" na uendelee na safari. Ukikuta mbele ya kiti, andika "livre". Ukikuta mbele ya mtu, simama. Uliza ni mwaka gani, ni sheria ipi, na nani aliyemwita hivyo. "Africanos livres" lazima libaki "africanos livres", kwa sababu hilo ndilo jina lililoandikwa katika hati zao na ndilo Luiz Gama alilolishika mahakamani. Mfasiri akilibadilisha atakuwa ameiba ushahidi. Lakini asiliache peke yake. Aweke karibu nalo ile miaka 14 na kile kikopo cha bati.

Mwalimu aliuliza ningeandikaje kwa Kiswahili. Nikamwambia bado nafikiri. "Waafrika huru" ni sahihi kuliko nilivyojua, kwa maana ile ya bibi: walioachwa, na walioachwa nusu. "Waungwana" wasingeitwa na sheria ile hata siku moja, ingawa wengi wao huko walikotoka ndivyo walivyozaliwa.

Kwa wanachama wenzangu nina ombi moja. Wengi wetu tunajifunza Kiswahili darasani huku wazee wetu wako hai upande wa pili wa simu. Waulizeni kuhusu maneno haya: huru, muungwana, mtumwa, mtwana, kijakazi. Waulizeni kwa adabu, na wakikataa kujibu waacheni. Wakijibu, andikeni, na kabla ya kuchapisha rudini kuomba ruhusa. Mimi nilidhani naandika kuhusu Kireno.